Vocha ya Kichwa cha Nyumba

Kwenye droo ya kabati la mamangu, Umoja, kuna faili ya plastiki ya bluu. Ndani yake mna vyeti viwili vya kuzaliwa, picha nane za pasipoti, barua ya shule yenye muhuri, na karatasi mbili za kliniki zinazosema kwamba mtoto wa miaka 11 na mwingine wa miaka 6 hawana kifua kikuu. Uingereza huitisha karatasi hiyo kwa mtu yeyote anayetoka Kenya kwenda kukaa huko zaidi ya miezi sita, na yenyewe hudumu miezi sita tu. Hizi za watoto wa dadangu ziliisha muda Agosti 2024. Hakuna aliyezitupa.

Dadangu alikuwa mwalimu wa nasari. Shule ndogo ya kibinafsi, mshahara unaokuja ukitaka. Mwaka wa 2023 alifanya kozi fupi ya kutunza wazee, kama nusu ya mtaa wetu walivyofanya, akapita mtihani wa Kiingereza, akapata ajenti. Ajenti alikuwa na ofisi mjini, ghorofa ya tatu, bendera ya Uingereza ukutani na mtungi wa maji ambao haukuwa na maji. Alitueleza mpango polepole kama mtu anayewasomea wagonjwa dawa: kwanza mwajiri wa kule anakupa cheti cha udhamini, halafu unaomba viza, na watoto wanaombewa pamoja nawe kama wategemezi. Mnapanda ndege moja. Hiyo "ndege moja" ndiyo ilitumaliza. Mathe aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na babangu. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nikisoma historia, na pesa za muhula uliokuwa unafuata zikaingia kwenye kapu. Nilisema nitarudi Septemba. Sijarudi, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Tarehe 4 Desemba 2023, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wafanyakazi wa kutunza wazee hawataruhusiwa tena kwenda na mume, mke au watoto. Haikutaja siku. Ajenti akasema bado kuna muda. Baadaye siku ikatajwa: 11 Machi 2024. Aliyekuwa ameshaomba viza kabla ya hapo, familia yake ingemfuata. Atakayeomba kuanzia siku hiyo angeenda peke yake. Ajenti akasema cheti kiko njiani, tulieni.

Cheti cha dadangu kilifika kwa barua pepe tarehe 19 Machi. Siku nane.

Nakumbuka tulivyokaa usiku huo. Watoto walikuwa wamelala, na mkubwa alikuwa tayari amegawa vitu vyake: baiskeli kwa jirani, sare ya shule kwa binamu. Dadangu alikuwa ameshika simu tu, hasomi chochote. Mathe ndiye aliyevunja kimya. "Nenda," akasema. "Hawa nitakaa nao. Shamba limeshaenda, na wewe ukibaki tutakuwa tumepoteza vyote viwili." Dadangu aliondoka Mei.

Mimi nilibaki na hasira, na nywila ya maktaba ya chuo ambayo walikuwa wamesahau kuifunga. Nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa dogo na la kijinga: lini serikali ya Uingereza ilianza kumwambia mtu aliyekaa Nairobi kwamba wewe njoo, lakini wale wa nyumbani kwako tutaangalia? Nilidhani nitapata jibu la juzi juzi. Nilijikuta mwaka wa 1968, tena hapa hapa mjini, Ngara, Pangani, Parklands, Biashara Street, mahali ninapopita kila siku nikienda kutafuta kazi za kuandika.

Turudi nyuma kidogo. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia karibu 177,000 Kenya, kati ya watu milioni 8.6. Nitasema Wahindi, kama tunavyosema mtaani, ingawa ndani ya jina hilo walikuwemo Wagoa, Wapunjabi, Wagujarati, Waismailia, na wengine ambao kijiji cha babu yao kililala India kikaamka Pakistan mwaka wa 1947. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, sheria ya uraia ilikuwa hivi: kama ulizaliwa Kenya na mzazi wako mmoja pia alizaliwa Kenya, wewe ni raia, huhitaji kuomba. Wengine wote walipewa miaka miwili kujiandikisha, hadi 12 Desemba 1965.

Wengi hawakujiandikisha. Tumefundishwa kwamba walikuwa wanataka kula huku na huku, na kusema ukweli wengine walikuwa hivyo. Lakini jiulize ungefanya nini na miaka miwili. Hujui nchi mpya itakuwaje. Una pasipoti ya himaya iliyokuleta au iliyomleta babako. Kuiacha ni kuruka mto usiku. Mimi mwenyewe nina marafiki ambao wakipewa pasipoti ya Kanada leo hawatamaliza chai waliyomwagiwa, na hakuna anayewaita wasaliti.

Sasa hapa pana kitu ambacho kilinifanya nisome mara tatu. Mwaka wa 1962 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kwanza ya kuzuia watu wa Jumuiya ya Madola kuingia kiholela. Sheria hiyo iliwaachia mlango wale wenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Kabla ya uhuru, Mhindi wa Nairobi alipata pasipoti yake kwa serikali ya koloni, kwa hivyo alizuiwa. Baada ya uhuru koloni halikuwepo tena, na pasipoti ile ile sasa ilitolewa na ubalozi wa Uingereza kwa niaba ya London. Mkoloni alipokunja bendera yake, pasipoti ya Mhindi wa Ngara ikapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Iain Macleod, aliyekuwa waziri wa makoloni mwanzoni mwa miaka ya sitini, alisisitiza baadaye kwamba hiyo haikuwa ajali, ilikuwa ahadi. Duncan Sandys, ambaye ndiye aliyekuwa waziri Kenya ilipopewa uhuru, alikuwa mstari wa mbele kutaka ahadi hiyo ivunjwe. Walikuwa chama kimoja, hao wawili.

Kwa miaka kadhaa mlango ulikaa wazi na wachache walipita. Tuliowasukuma ni sisi. Hii sehemu hatuisemi sana, tunapenda kuiweka hadithi yote kwa mzungu. Mwaka wa 1967 bunge letu lilipitisha sheria mbili. Ya uhamiaji ilisema asiye raia hawezi kufanya kazi bila kibali, na kibali kina mwisho. Ya leseni za biashara ilisema asiye raia hawezi kuuza bidhaa fulani fulani wala kufungua duka mahali fulani fulani. Hiyo ndiyo Uafrikanishaji tuliyoisoma shuleni kwa aya moja, na sitasema haikuwa na sababu. Ukoloni ulikuwa umepanga watu kwa rangi kama sahani kwenye rafu, na Mwafrika alikuwa rafu ya chini. Lakini mtu aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka ishirini aliamka akiwa na barua ya kusema muda wako umefika, na ndani ya nyumba kulikuwa na mama mzee, mke, na watoto wanne wanaojua Kiswahili kuliko Kigujarati. Akachukua pasipoti akaenda kutafuta tiketi.

Mwisho wa 1967 safari zikaongezeka. Januari na Februari 1968 peke yake, watu zaidi ya 10,000 walitua Uingereza kutoka Kenya. Magazeti ya kule yakaanza kupiga kelele, wanasiasa kama Enoch Powell wakapata mada. London ikamtuma Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya, amwone Mzee Kenyatta, serikali yetu ilegeze kamba. Haikulegeza.

Tarehe 22 Februari, waziri wa mambo ya ndani James Callaghan alisimama bungeni akasema sheria mpya inakuja. Kuanzia hapo Embakasi haikulala. Watu walinunua tiketi ya kwenda tu, bila ya kurudi. Waliuza maduka kwa bei ya kutupa. Ninapofikiria siku hizo nafikiria ajenti wetu na "cheti kiko njiani", kwa sababu lazima kulikuwa na mtu Bazaar Street, kama Biashara Street ilivyoitwa zamani, aliyekuwa anauza nafasi za ndege kwa maneno hayo hayo.

Mswada uliingia bungeni Westminster tarehe 27 Februari. Siku hiyo hiyo wabunge 372 waliuunga mkono na 62 wakaupinga. Usiku uliofuata wakaupitia kifungu kwa kifungu. Mwaka huo Februari ilikuwa na siku 29, na siku hiyo ya 29 Baraza la Malodi likakesha nao. Kulipokucha tarehe 1 Machi ukapata idhini ya Malkia ukawa sheria. Siku tatu, na mahamri hayajapoa. Hansard ya bunge lile iko bure mtandaoni, na nilikesha nayo wiki nzima nikitafuta mahali wanaposema neno "rangi" waziwazi. Walioipinga ndio waliolisema zaidi. Walioiunga walisema "idadi".

Sheria yenyewe haikutaja Wahindi. Ilisema tu kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kizuizi ikiwa yeye, au mzazi wake, au babu au nyanya yake, alizaliwa au aliandikishwa uraia Uingereza. Soma tena uone ilivyotulia. Mkulima mzungu wa Naivasha ambaye hajawahi kuiona Ulaya lakini babu yake alizaliwa Scotland, apite. Mwalimu Mgoa wa Pangani mwenye pasipoti yenye jalada lile lile, asubiri. George Thomson, waziri aliyeshughulikia Jumuiya ya Madola, alikuwa amewaonya wenzake kwa maandishi ndani ya baraza la mawaziri kwamba huu utakuwa ubaguzi wa rangi wa wazi. Karatasi hiyo ilikaa kwenye siri miaka thelathini.

Waliobaki nje walipewa kitu kinaitwa vocha. Vocha, kama ya simu. Vocha 1,500 kwa mwaka, kwa watu wote wa aina hiyo, na kila moja ilikuwa ya kichwa cha nyumba. Kichwa akipata vocha, mke na watoto wadogo wanahesabiwa chini yake. Foleni ikawa ya miaka. Mwaka wa 1971 idadi ilipandishwa hadi 3,000 na foleni bado haikuisha. Huku nyuma vibali vya kazi vya Kenya vilikuwa vinaendelea kwisha, kwa hivyo mtu alikaa Nairobi bila ruhusa ya kufanya kazi na bila ruhusa ya kuondoka. Wengine walichoka wakapanda ndege bila vocha. London iliwarudisha, na wengine hawakupokelewa walikotoka, wakazungushwa kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, wakirushwa huku na huku kama ule mpira wa vinyoya wa badminton. Magazeti ya Uingereza yaliwapa jina hilo hilo.

Neno lililonikamata hapo ni "kichwa". Nani ni kichwa cha nyumba? Sheria iliona ni mwanamume. Mwanamke aliyeolewa, hata kama pasipoti ya Uingereza ni yake na mumewe hana, hakuwa kichwa. Ili ahesabiwe ilibidi mume afe, au waachane, au mume awe hajiwezi kabisa.

Kuna mzee mmoja Ngara anayetengeneza cherehani. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba mteja wa pili husimama nje. Nilienda kwake kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Singer ya mathe, na nikarudi mara nyingine tatu kwa sababu ya mazungumzo. Siku moja nilimwambia nasoma mambo ya vocha. Akaacha bisibisi.

"Mamangu alikuwa na pasipoti ya Waingereza," akasema. "Baba alikuwa na ya India. Unaelewa hapo?"

Nikasema naelewa.

"Hapana, kijana, huelewi. Mama alikuwa ameshashona masweta. Sisi watoto watano, masweta matano. Akaenda kuomba, akaulizwa mume wako yuko wapi? Akasema yuko nyumbani. Ni mgonjwa? Hapana, ni mzima. Basi kichwa ni yeye, na kichwa chako si chetu." Akacheka kidogo. "Mama alirudi akamwambia baba, kwa utani, ungekuwa kiwete tungeondoka."

Nilimuuliza baba alisema nini. Akasema baba hakuona utani, hakula jioni hiyo. Walibaki. Masweta walivaa Limuru walipoenda kutembea, na mengine yakaenda kwa watoto wa majirani. Yeye baadaye akapata uraia wa Kenya, akaoa, akazeeka hapa hapa Ngara. Alinilipisha shilingi 300 za ile Singer na akakataa nimwongeze.

Nilidhani mzee ametia chumvi mpaka nilipoisoma kesi ya Amin ya mwaka wa 1983. Mwanamke aliyeolewa, mwenye pasipoti ya Uingereza, aliomba vocha kule Bombay akanyimwa kwa sababu hiyo hiyo, si kichwa cha nyumba. Kesi ilifika hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi. Walikubali kwamba mpango huo ulimbagua mwanamke. Kisha wakaamua kwamba sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia haikugusa mambo ya aina hiyo. Nimejaribu kuwaeleza marafiki zangu hukumu hii na kila mara hunitazama kama ninayeruka ukurasa.

Watoto nao walipata kifungu chao. Sheria ya 1968 ilibana masharti ya mtoto wa chini ya miaka 16 kumfuata mzazi, kwamba kwa kawaida wazazi wote wawili wawe wako kule au wanaenda kule. Mzazi mmoja peke yake ikawa shida ya kueleza. Halafu mwaka wa 1969 likaongezwa jambo ambalo leo tunaliona kama jua na mvua: wategemezi wote sharti wapate cheti cha kuingia kabla hawajasafiri, huko huko waliko. Kabla ya hapo mke na watoto waliweza kutua London wakaeleza dirishani wao ni nani. Kuanzia hapo maelezo yalifanyiwa nyumbani, mbele ya ofisa, pamoja na maswali ya lini mlioana, nyumba ina madirisha mangapi, huyu mtoto ni wa nani. Nikalikumbuka lile faili la bluu. Dadangu alikuwa ameandika kurasa nne kueleza kwamba baba wa watoto wake hayupo katika maisha yao, kwamba yeye peke yake ndiye analipa karo, ndiye anaenda kliniki, ndiye anasaini ripoti ya shule. Alikusanya risiti za miaka sita. Ajenti alimwambia lazima athibitishe "jukumu la pekee". Alikuwa anathibitisha kwamba yeye ni kichwa.

Kuna watu hawakukubali. Walalamishi kutoka Afrika Mashariki waliipeleka Uingereza mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Miongoni mwao walikuwemo wanaume ambao wake zao tayari walikuwa Uingereza, ila sheria ilimjua mke anayemfuata mume, haikumjua mume anayemfuata mke. Desemba 1973 tume iliandika kwamba kuwatenga 25 kati ya walalamishi kwa sababu ya rangi yao kulikuwa kuwadhalilisha kama binadamu. Ripoti hiyo ilifichwa hadi 1994. Mpango wa vocha wenyewe uliendelea hadi 2002, mwaka ambao mimi nilikuwa nafunzwa kutembea.

Sasa nije kwa jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko sheria zote. Mei 2023, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza alipotangaza kwamba wanafunzi wengi wa kigeni hawataruhusiwa tena kwenda na familia zao, alikuwa ni Suella Braverman. Babake ni Mgoa aliyetoka Kenya miaka ya sitini. Marufuku ya watunza wazee iliyomkuta dadangu ilianza Rishi Sunak akiwa waziri mkuu. Babake alizaliwa Kenya, mamake akazaliwa Tanganyika, na wote wawili walihamia Uingereza miaka hiyo hiyo ya sitini.

Sijui nifanye nini na habari hii. Mara ya kwanza niliitumia kama silaha, nikaiandika kwenye grupu la WhatsApp la familia na alama tano za mshangao. Binamu akajibu, "Kwani walikuwa na deni letu?" Nikanyamaza, kwa sababu hata sisi tulipitisha sheria zetu mbili mwaka wa 1967, na wabunge wetu wengi walikuwa watu ambao wao au baba zao, chini ya mkoloni, walihitaji kipande cha kuvaa shingoni ili watembee Nairobi. Mtu anaweza kuijua foleni vizuri na bado akaipanga kwa wengine. Lakini nikimwona mtoto wa dadangu akihesabu siku kwenye kalenda ya benki, silaha yangu hunirudia mkononi.

Julai 2025 mlango wa watunza wazee kutoka ng'ambo ulifungwa kabisa kwa waombaji wapya. Dadangu yuko ndani. Anasema ana bahati, na anasema kama mtu anayekumbushwa na mwalimu kusema asante. Njia anayoiona ni kusomea unesi, kwa sababu nesi aliyesajiliwa si mtunza wazee kwa sheria zao, ingawa ni mzee yule yule wanayemgeuza kitandani. Amepiga hesabu ya miaka. Mkubwa atakuwa anakaribia 18, umri ambao mtoto huacha kuwa mtoto kwenye fomu. Hilo hatulisemi mbele ya mathe.

Wamempeleka Leicester. Mmoja wa wanaomtegemea ni bibi wa miaka 88, Mgujarati, mwenye picha ya duka lao la zamani la vitambaa juu ya televisheni. Siku ya kwanza bibi alimsikia dadangu akiongea na mathe kwenye simu, akageuza kichwa akasema kwa Kiswahili, "Wewe iko toka wapi?" Dadangu akasema Nairobi. "Nairobi wapi?" Umoja. Bibi hakuijua Umoja. Ilijengwa baada yake.

Tangu siku hiyo humwongelesha Kiswahili. Ni Kiswahili cha jikoni, cha kuamuru: lete maji, funga dirisha, pole pole, weka hapa. Dadangu alikasirika wiki mbili za kwanza. "Ananiona ayah wake wa 1965," aliniambia. Baadaye akasema labda hicho ndicho Kiswahili chote alichobaki nacho, na pia ndiye mtu pekee mji mzima anayemwita kwa jina lake la nyumbani bila kuliumbua. Wakati mwingine huwa anampikia chai ya maziwa ya kuchemsha pamoja, na bibi hulia kidogo bila sababu.

Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Kila asubuhi dadangu akimvalisha sweta, humuuliza swali lile lile. "Watoto yako iko wapi?"

Mwanzoni dadangu alikuwa anaeleza yote: viza, tarehe 11, cheti, siku nane. Bibi alikuwa anasikiliza kwa makini sana, akitikisa kichwa, na kesho yake anauliza tena. Siku hizi dadangu humwambia wako shule.